Paddy Olweny Ofumbi (1978–2025): Mhandisi Aliyezitoa Mashine Katika Kungojana

Tunayemrudisha leo kwenye udongo wa Mwello alizaliwa hapa hapa, tarehe 9 Agosti 1978, mtoto wa pili wa marehemu mzee Ofumbi na mama Abbo, ambaye yuko nasi. Jina la Paddy alipewa na nesi aliyemzalisha. Olweny ni jina la babu yake, na ndilo aliloitikia upesi zaidi.

Alisoma shule ya msingi hapa Mwello, kisha Kiyeyi, na akamaliza sekondari Tororo mjini mwaka 1997. Shahada ya uhandisi wa umeme aliipata Kampala mwaka 2002, na ya uzamivu Uholanzi mwaka 2010. Alirudi na lugha ya tano pamoja na mazoea ya kunywa maziwa baridi asubuhi, jambo ambalo mama yake alilihesabu kuwa ugonjwa.

Kazi yake ilikuwa kubuni visimbuzi, chipu ndogo kuliko ukucha zinazopokea habari iliyoharibika njiani na kuirudisha ilivyokuwa. Ndani ya kila chipu kuna vitengo vingi vidogo. Kila kimoja hukagua kipande chake cha ujumbe na kumnong'oneza jirani mashaka yake, tena na tena, mpaka vyote vikubaliane maneno ya kwanza yalikuwa yapi. Marehemu alivipanga vifanye kazi kwa wakati mmoja bila kupigana vikumbo na bila kula umeme mwingi. Kuanzia mwaka 2012 aliifanyia kazi hiyo kampuni moja ya Ulaya akiwa Busia, na chipu zake sasa zimo ndani ya redio katika nchi ambazo hakuwahi kuzikanyaga.

Tarehe 14 Desemba 2013 alifunga ndoa na Damalie Anyango, binti wa marehemu mzee Mangeni na mama Juliet wa Masafu. Kama desturi zetu zinavyodai, mkwe na mama mkwe hawakuwahi kutazamana usoni. Akitokea huyu njiani, yule huingia shambani.

Mwaka 2020 amri ya korona ya kutotembea iliwakuta Masafu, walikokwenda kumzika mzee Mangeni. Mkwe kukaa ukweni ni aibu, lakini polisi walikuwa barabarani. Alifunguliwa stoo ya mahindi ng'ambo ya uwanja, naye akaweka humo mitambo yake. Mama Juliet alipika, Damalie akabeba sahani, pamoja na maneno.

"Mwambie huyo mkwe yangu, mashine yake inakula stima kushinda kinu ya posho!"

"Mwambie mama, mimi nasaga makosa, yeye anasaga mahindi. Tumepishana unga tu."

"Basi alete hiyo unga yake tupike, tuone kama inashika!"

Ilikuwa katika stoo hiyo kwamba chipu yake mpya, iliyotoka kiwandani mbali, ilianza kuganda. Ilifanya kazi vizuri, kisha ghafla ikanyamaza. Baada ya wiki za kutafuta aligundua kwamba vitengo viwili vilikuwa vinangojana, kila kimoja kikitaka mwenzake apite kwanza. Damalie alipompelekea mama habari hiyo, mama alicheka hadi akaketi chini. "Hao ni mimi na yeye kwenye njia ya kisima!" Marehemu aliongeza kijisehemu kidogo cha kuamuru mmoja apite, na chipu haikuganda tena. Tangu hapo alikuwa akimwambia mkewe, "Siku moja nitamshukuru mama kwa mdomo wangu."

Novemba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Aliuliza maswali machache. Damalie alimwambia, "Si ulisema makosa yanasahihishwa?" Akamjibu, "Yana kipimo, mama Tracy. Yakizidi hapo, mashine inabaki kukisia tu." Machi mwaka huu alilazwa hospitali ya Masafu. Mama Juliet alikuja na uji kila siku, akaketi kwenye baraza ya wodi, nyuma ya ukuta. Ndani, mkwe wake aliisikia sauti yake akiwasalimia wauguzi. Hakuna aliyethubutu kumwambia aingie.

Desturi yetu ina mlango wa jambo hili. Mkwe akipeleka mbuzi, na wazee wa pande mbili wakaketi na kula, haya ya ukwe huondolewa na watu hao huonana. Marehemu aliomba hilo lifanyike. Wazee wa Mwello walisema upande wa mama ndio unaopanga siku. Wazee wa Masafu walisema hawawezi kumwita mkwe mgonjwa, upande wake ndio uanze. Walitumiana salamu nzuri, na Aprili ikaisha. Marehemu alimwambia mkewe, "Kwenye chipu ningeweka kitu cha kumwambia mmoja apite. Hapa sioni pa kukiweka." Damalie alikwenda huku na huku akiwapigia magoti. Hatimaye siku ilipatikana: Jumamosi, tarehe 17 Mei.

Alifariki Alhamisi tarehe 15, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Mama Juliet alikuwa barazani, na uji ulikuwa bado wa moto.

Marehemu ameacha mjane, Damalie. Mabinti wawili, Tracy na Patience. Mama yake, Abbo. Kaka yake, Odwori, anayesoma wasifu huu. Na mama mkwe wake, Juliet, ambaye hajawahi kuuona uso wake.

Leo ni Jumamosi, tarehe 17 Mei. Mama Juliet amefika. Ameketi nyuma ya jiko pamoja na wanawake wa Masafu, na mbuzi amefungwa kwenye uzio. Hadi wasifu huu unaposomwa, wazee hawajaafikiana kama anaweza kusogea kwenye jeneza kabla halijafungwa. Damalie anawaomba kwa heshima, wa Mwello na wa Masafu, yeyote kati yenu aseme mama apite. Tutasubiri kidogo, kisha padri ataendelea na ibada, kwa sababu jua halimngoji mtu.

Mwenyezi Mungu amlaze Olweny mahali pa utulivu.