Dumu la Maji ya Mvua

Basi dogo la kutoka Masasi lilikuwa linapanda mlima wa Newala. Mama Sabina, aliyepakata dumu la maji ya mvua ya kumpelekea binti yake aliyejifungua, alikuwa anawasikiliza wanaume wawili waliokaa mbele yake.

“Mashine yangu ya kusaga naitia kulanti tupu, ile dawa ya kupozea injini, kwenye rejeta,” alisema Mzee Kasiani wa Mnyambe. “Maji tunanunua, halafu niinyweshe injini?”

“Utaiua, mzee wangu,” alijibu Gerson, dereva wa lori. “Kulanti tupu haipozi vizuri. Changanya nusu kwa nusu na maji, tena yasiwe ya chumvi. Ya mvua ndiyo yenyewe.”

“Unaongea kama maji yanaota shambani!”

Mama Sabina alikuwa upande wa mzee. Aliyewahi kupanga foleni ya ndoo alfajiri hamwagi maji kwenye chuma.

Mara gari ikachemsha. Mvuke ukafunika kioo, dereva wa basi akasimamisha, akageuka kuuliza nani ana maji. Kwa mara ya kwanza tangu Masasi, wale wawili wakaafikiana: wote walilitazama dumu.

“Haya ni ya mzazi,” akasema Mama Sabina, akalifunika kwa kanga.

Hakuna aliyebisha. Ila hakuna aliyeacha kulitazama.