Gerishon Wambugu na Waya wa Kulamawe

Gerishon Wambugu alizaliwa mjini Isiolo tarehe 14 Machi 1984, kitindamimba wa Mzee Wambugu na mkewe, wenye duka waliohamia hapa kutoka Nyeri. Alisoma shule ya msingi papa hapa mjini, sekondari akaenda Meru, na mwaka wa 2009 akahitimu uhandisi wa umeme jijini Nairobi. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Dadake Kate, anayesoma wasifu huu, alichapwa kwa makosa ya Gerishon mara nyingi kuliko kwa makosa yake mwenyewe.

Mwaka wa 2011 aliajiriwa na kampuni inayosambaza intaneti kwa nyuzi za kioo. Mwanga ukikimbizwa kasi ndani ya nyuzi hizo huvurugika njiani, na kazi yake ilikuwa kuandika programu za kuusafisha unapofika.

Alifunga ndoa na Rahab tarehe 6 Desemba 2014. Siku ya ruracio, alipopeleka mahari, mama mkwe alimuuliza hiyo ni kazi gani.

"Mama, si cucu hana meno?" akajibu. "Maneno yanatoka yamepondeka, lakini wewe umemzoea, unayarudisha vile yalikuwa. Mimi nafunza mashine kuzoea hivyo."

Cucu mwenyewe, nyanyake Rahab, alicheka kuliko wote.

Programu yake ilirekebisha makosa vizuri mno. Mashine ilihesabu kila kosa ililorekebisha, na yakizidi, kengele ililia ofisini. Upepo na joto la huku vilisumbua waya, kengele zikalia kutwa nzima, mafundi wakalalamika. Septemba 2022, Gerishon alipandisha kiwango cha makosa ya kuliza kengele, nazo zikanyamaza. Kumbe mwezi uliofuata maji yalianza kuingia kwenye kiungo cha waya wa kwenda Kulamawe. Kwa siku kumi na tisa programu ilifunika uharibifu huo, na kila aliyetazama aliona waya mzima.

Adhuhuri ya tarehe 9 Novemba mawasiliano yalikatika ghafla, na simu za eneo hilo, zilizotegemea waya huo, zikazimika pia. Katika zahanati moja ya huko, Nasteha alikuwa amejifungua binti na damu haikomi. Nesi alipiga simu ya ambulensi, haikushika. Mume wa Nasteha, Dahir, alipanda pikipiki kwenda kuitafuta. Aliporudi nayo, Nasteha alikuwa ameshafariki.

Kampuni iliandika kuwa ni hitilafu ya waya. Gerishon alikataa kutia sahihi ripoti hiyo, akaenda kwa Dahir, Kate akiwa naye.

"Salaam aleikum. Mimi ni Gerishon, wa kampuni ya intaneti."

"Aleikum salaam."

"Mashine ilijua," Gerishon alisema. "Siku kumi na tisa ilijua. Mimi ndio niliinyamazisha."

Dahir akauliza, "Kwa nini?"

"Ilikuwa inatusumbua."

"Enda nyumbani, Gerishon."

Kate hajawahi kusikia jibu linalouma kama lile la Gerishon, na lilikuwa la kweli.

Gerishon alirudisha kengele zote, na mafundi waliolalamika tena aliwakaripia. Lakini kicheko chake kiliisha mwaka ule. Januari 2025 alipatikana na saratani ya ini, ikiwa imeenea. Aliugua miezi saba, maumivu yakiwa makali, na akafariki hospitalini tarehe 3 Agosti, saa nne asubuhi, Rahab amemshika mkono.

Wiki moja kabla, alikuwa amemwambia Rahab, "Wasisome tu nilikuwa mtu mzuri. Wasome ya Kulamawe. Na kwa majina ya wale naacha, weka ule mtoto wa Nasteha."

Ameacha mjane wake Rahab, mwanawe Wambugu na dadake Kate. Kabla ya kuchapisha wasifu huu, Rahab alimpigia Dahir kumwomba ruhusa.

"Kuzika nitakuja," Dahir alisema. "Lakini jina la mtoto wangu msiandike hapo."

Hatukuliandika. Mungu ampe Gerishon pumziko ambalo hapa duniani hakulipata.