Mama Amandine wa Gishe ya Chupa Tupu

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, tarehe 31 Julai 2024 Mama Kankindi Amandine anaingia katika pumziko lake la kustaafu. Sisi wa depo ya vinywaji ya Kalundu tunamshukuru Mungu aliyetupatia mama huyu, na tunamshukuru yeye mwenyewe kwa kukubali kutuvumilia.

Aliingia depo mwaka 2002 kama mfagiaji. Haukupita muda akapewa gishe, yaani dirisha la kupokelea chupa tupu, zile tunazoita vidanji, na hakuhama tena. Sheria yetu kila mtu anaijua: ukinunua bia au sukre (soda), unaacha konsinyi, yaani pesa ya chupa; chupa ikirudi, na pesa yako inarudi. Siku za kawaida ni jambo jepesi. Siku za matanga ni balaa, kwa sababu familia inaazima kasiye, yaani kreti, za majirani wa avenue nzima, na kesho yake chupa zimechanganyika, kila mtu anadai zake. Mama Amandine njo aliyeanzisha vitambaa. Alifunga kipande cha kitenge kwenye kasiye, kila nyumba na rangi yake, na ugomvi wa chupa penye msiba ukaisha. Watu walisema anamaliza vitenge vyake vya Noeli. Hawakukosea sana.

Halafu yakaja maji ya chupa za plastiki. Hizo hazikuwa na konsinyi, kwa hiyo hakuna aliyezirudisha. Mvua ikinyesha ziliziba mifereji, nyingine zikaelea ziwani mpaka wavuvi wakazitoa kwenye nyavu. Msimu mmoja maji yalikosa njia yakaingia nyumbani kwa Chérie, anayefanya kazi gisheni pamoja na Noella. Mama alishinda naye wakikamua magodoro. Aliporudi kazini alikwenda moja kwa moja kwa patron wetu, Papa Achille, akamwomba plastiki nazo ziwekewe konsinyi.

Papa Achille alikuwa na wazo lingine. Vidanji vilikuwa vinapungua, na aliona afadhali gishe ifungwe. Noella na Chérie wangekosa kazi. Lakini kwa heshima ya Mama alikubali tujaribu mpaka siku atakapostaafu: plastiki zikirudi, gishe inabaki, zisiporudi, inafungwa siku Mama anapoondoka.

Mkutano na wenye maboutike, maduka ambayo yangepokea plastiki kutoka kwa wanunuzi, pale salle (ukumbi) ya parokia, ulikuwa wa moto. Mama Anne-Marie, mwenye boutike karibu na bandari, alisimama wa kwanza: "Minye niko na boutike, sina jalala! Hizo plastiki nitazilaza wapi, mu kitanda yangu?" Watu walicheka, lakini Papa Basile, mwenye boutike mwenzake, hakucheka. Alisema, "Bei ya maji ikipanda, watu watakunywa ya ziwa, na kipindupindu itatumaliza." Hakuna kati yetu asiyekijua kipindupindu. Mama hakubisha. Alimjibu kwa upole, "Papa Basile, uko na haki. Muntu akileta chupa ya zamani, tumupatie mupya bila konsinyi ingine. Vile tunafanyaka na bia." Hapo ndipo wengi walipoanza kulainika.

Tukaanza, na tukafanya kosa ambalo watu wa ziwa hawapaswi kulifanya: tulisahau kwamba ziwa nalo linaleta chupa. Watu walikuja na magunia ya plastiki zilizotupwa ufukweni na mawimbi, nyingine kutoka ng'ambo ya Burundi, ambazo hakuna aliyeziachia konsinyi, nasi tukazilipa zote. Papa Achille alishika kichwa: "Mama, weye unalipia Bujumbura takataka yao!" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanunua verni nyekundu ya kucha, akaanza kuweka tone kwenye kila chupa inayotoka kwetu. Yenye tone inalipwa. Isiyo na tone inapokelewa kwa asante, na wanakwaya wenzake wa parokia wakaamua kuokota zilizobaki ufukweni siku ya salongo, usafi wa pamoja. Depo nzima ilinukia saluni.

Plastiki zilirudi polepole, na sisi tuliogopa. Niwaambie jambo ambalo yeye hatalisema: kila jioni, kabla ya kufunga dirisha, alishika ubao wa gishe na kusali kwa sauti ya chini. Hakujiombea, maana kazi yake ilikuwa inafika mwisho kwa vyovyote. Aliwataja Noella na Chérie kwa majina.

Juma lililopita Papa Achille alishuka gisheni, akakuta foleni imefika barabarani. Alitazama magunia ya plastiki. Ndipo akasema, "Noella, utafute muntu wa kuwasaidia weye na Chérie. Mama anaenda, na minye siwezi funga gishe yenye iko na watu hivi." Chérie alilia. Mama Anne-Marie, aliyekuwa kwenye foleni hiyohiyo na magunia yake, alisema bado hakubaliani, ila wamhudumie haraka.

Mama Amandine, Bwana akulinde wewe na watoto wako, akupe afya, usingizi mtamu na asubuhi zisizo na haraka. Asante kwa moyo wako.

Wageni wapendwa, sherehe ya kumuaga itaanza saa kumi na moja jioni. Tulitaka ianze mapema, lakini Mama amekataa gishe ifungwe kwa ajili yake.

Félicien, kwa niaba ya wafanyakazi wote