Sista Nyamoita, Aliyepigania Figo Zetu

Tarehe 30 Juni 1998, Sista Phanice Nyamoita anastaafu baada ya kuhudumu miaka thelathini na mmoja katika hospitali yetu hapa Kisii. Alianza katika wodi ya wazazi, na pengine angebaki huko kama dada yake, Mong'ina, asingefariki kwa ugonjwa wa figo mwaka wa 1989. Mong'ina alikuwa mnene, na watu wa kijijini kwao Kebirigo walimsifu kwa unene huo hadi miguu ilipoanza kuvimba.

Baada ya matanga, Sista aliomba ahamishiwe kliniki ya presha na sukari. Hakuna mwingine aliyeitaka. Akasoma alichoweza kupata, kisha akawaeleza wagonjwa kwa Ekegusii na Kiswahili: mafuta ya tumboni hayakai kimya. Huwasha moto mdogo mwilini, na figo huungua ndani kwa ndani na kuchakaa, kama bati linavyoliwa na kutu, bila maumivu yoyote. Tulimtania kwamba hata harusini yeye hutazama vifundo vya miguu ya wageni kabla ya kumtazama bibi harusi.

Bwana Pankaj, mwenye duka la vitambaa mjini, hatamsahau. Mkojo wake ulipopatikana na protini, dalili kwamba figo zimeanza kuharibika, alicheka.

"Sista, mwili huu ni baraka. Nikikonda, watu watasema duka limefilisika."

"Waache waseme," Sista akamjibu. "Figo zikifa, mashine ya kusafisha damu iko Nairobi. Duka utamwachia nani?"

Pankaj aliondoka kwa hasira, asirudi. Sista akamfuata dukani. Alipofukuzwa, alirudi tena, safari hii akazungumza na mkewe, Kusum. Samli na chumvi vikapungua jikoni. Asubuhi moja Pankaj akatokea barabara ya Nyakoe amevaa raba, uso umekunjamana, na Sista akatembea naye kabla ya zamu. Waliendelea hivyo, mvua inyeshe isinyeshe. Mwaka uliofuata protini ilikuwa imepungua sana. Majuzi Pankaj alimleta kliniki kakaye Vikram, akimvuta mkono.

Si wote waliookoka. Wengine walichelewa, na Sista alihudhuria mazishi yao, kisha kesho yake akafungua kliniki kama kawaida.

Sista, asante kwa kutokubali jibu la hapana. Nenda Kebirigo ukachume chai yako kwa amani. Tunajua jirani zako hawataiepuka hiyo mashine yako ya kupima presha. Mungu akupe afya tele na siku nyingi za furaha. Kliniki tutaifungua kesho kama kawaida.