Mwalimu Aliyesema Neno Hili Silijui

Kijiwe chetu kipo ubavuni mwa ghala la pamba, hapa Bariadi, pale barabara ya stendi inapoachana na njia ya Malambo. Benchi ni nguzo ya umeme iliyoanguka mwaka ule wa mvua nyingi; tukailaza juu ya matofali na wenyewe hawajaja kuidai. Birika ni langu. Wananiita Mayu, yaani mama, hata wale ninaojua kabisa kwamba ni kaka zangu kwa umri na wanajidanganya. Nauza kahawa na karanga, habari natoa bure. Haya nitakayoeleza yalitokea Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, pamba imeshauzwa, mvua bado, watu hawana kazi ila kukaa na kuamua mambo ya wenzao.

Siku hiyo jambo lilikuwa la Masunga. Huyu tunamwita Mizani, maana ndiye anayepima pamba pale chama cha ushirika, na maneno yake nayo ni ya kupima. Binti yake Rachel yuko kidato cha nne. Matokeo ya mtihani wa majaribio yalibandikwa Alhamisi: Kiingereza F, Hesabu F, Baiolojia F. Kiswahili peke yake ndicho kilichomsitiri. Mtihani wenyewe wa taifa ni mwezi wa kumi na moja, zilikuwa zimebaki wiki nane.

Mtu asiyemjua Masunga angesema anahangaika bure, watoto wangapi wanafeli na jua linachomoza. Lakini ile nyumba mimi naijua. Dada yake Rachel, Goodness, alipata sifuri katika mtihani huohuo miaka minne iliyopita. Hakuna aliyemfokea. Alijifungia chumbani mwezi mzima, kisha akapanda basi la Lamadi, na huko anauza dagaa mpaka leo. Mama yao alipofariki tulimpelekea habari. Hakuja. Aliyetumwa alirudi akasema Goodness kauliza, nije na uso gani. Tangu hapo Masunga hajalitaja jina hilo kijiweni, na sisi hatulitaji, akiwepo.

Basi akaja, akakaa mwisho wa nguzo, akashika kikombe bila kunywa.

— Nataka mwalimu wa kumfundisha Rachel nyumbani, akasema. Kiingereza na Hesabu. Ninyi mnajua watu. Ila nitajuaje kwamba huyu ni mwalimu kweli na si mtu mwenye kalamu tu?

Wa kwanza kujibu alikuwa Constantine, tunayemwita Redio kwa sababu hakuna haja ya kumwasha. Yeye alisema mwalimu wa Kiingereza lazima atoke mbali. Mtu wa hapa Kiingereza chake kimeshakanyagwa na Kisukuma kama shamba lililoingiliwa na ng'ombe. Wa Bukoba ni afadhali, lakini tukimpata wa Malawi, hapo mtoto atakuwa anaota kwa Kiingereza.

Shukrani, dereva wa bodaboda, jina lake la kijiweni Breki kwa kuwa pikipiki yake haina, alisema umbali si kitu, tutazame viatu. Mwalimu anayetakiwa na watu anatembea nyumba hadi nyumba, soli imelika upande. Akija na viatu vinavyong'aa, jueni hakuna anayemwita. Halafu akaongeza kwamba aliwahi kumbeba mwalimu mmoja kutoka Nkoma aliyesinzia njia nzima kichwa kikiwa mgongoni kwake, na kile kichwa kilikuwa kizito kweli, kwa hiyo tukipata nafasi tupime na vichwa.

Mwandu naye alisubiri wamalize. Mwandu anafundisha ng'ombe wa kulima, maksai, na Maksai ndilo jina lake la kijiweni. Alisema hayo yote ni kelele. Mleteni huyo mwalimu kwangu, nimpe dume ambalo halijawahi kufungwa nira. Akilifundisha kugeuka mwisho wa tuta kwa wiki moja bila kulipiga, mpeni mtoto. Redio akamuuliza, je, dume likifaulu na mtoto akafeli? Mwandu akasema hapo tutakuwa tumepata walau dume.

Tulicheka. Mimi nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Masunga hakucheka.

— Mtoto wangu amebakiza wiki nane, akasema. Kicheko kikaisha chenyewe.

Breki, aliyedokezwa na Masunga tangu jana yake, alikuwa ameshapitisha habari sokoni na kwenye duka la madaftari, na walimu wawili walikuwa wamesema watakuja asubuhi hiyo. Tatizo likawa nani atawapima. Mimi shule niliishia la nne. Redio Kiingereza chake ni cha mpira. Ndipo Mwandu akachomoa kwenye koti lake kikaratasi cha dawa ya kupulizia pamba, kimekunjwa mara nne, upande wa Kiswahili umefutika kwa jasho la misimu miwili. Umebaki upande wa Kiingereza. Akasema kila mwalimu asome kwa sauti. Atakayesoma mpaka mwisho bila kukwama, huyo ndiye.

Shauri likapita. Sitaki kujitoa: hata mimi nilisema ni shauri zuri.

Wa kwanza kufika alikuwa mama wa makamo, raba miguuni, mfuko wa kitambaa begani, akasema anaitwa Anna, alifundisha sekondari huko Busega hadi alipostaafu mwaka jana. Tulimuuliza umri. Tulimuuliza kabila. Mimi nikamuuliza kama ana mume, akasema alifariki. Tukaona tumemjua vya kutosha, tukampa kikaratasi.

Akasoma mstari mmoja wa Kiingereza, akasimama, akatwambia kwa Kiswahili maana yake. Akasoma mwingine, akasimama. Redio akaanza kutikisa mguu. Mama yule hakujali. Alitwambia karatasi inasema usipulize ukiwa umeuelekea upepo. Breki, anayekodiwa kupulizia mashamba ya watu kila msimu, akajishika pua. Akatwambia ufunike mikono. Akatwambia usivute sigara wala kula karanga kabla ya kunawa. Kisha akasema:

— Hapa wanasema ukimaliza usioshee bomba mahali ng'ombe wanapokunywa. Sumu hii inakaa majini.

Mwandu akaweka kikombe chini. Ninyi hamjui, mimi najua. Mwaka jana aliosha bomba lake kwenye lambo, bwawa la kunyweshea ng'ombe, wiki haikuisha ndama wake wawili wakafa, povu mdomoni. Alisema ni jicho baya la jirani yake. Akaziba njia iliyopita kati ya nyumba zao, na mpaka leo hawasalimiani.  Nikanyamaza, maana nilitaka kuona itaishaje.

Yule mama alifika karibu na mwisho, akakisogeza kikaratasi jichoni.

— Neno hili silijui, akasema.

— Hulijui? akauliza Redio.

— Silijui, bhabha. Liko pale wanapoeleza mtu akiimeza dawa hii afanyiwe nini. Naweza kubahatisha, lakini hapa nikibahatisha mtu anakufa. Nitaliangalia kwenye kamusi, kesho nije niwaambie.

Akatoa kidaftari mfukoni mwake, akaliandika hilo neno herufi kwa herufi. Mwandu akainuka, akakichukua kikaratasi mkononi mwake, hakukiomba, alikichukua.

— Mwalimu asiyejua, akasema. Sasa wewe na sisi tofauti yetu nini?

 Mama yule alimtazama Masunga, na Masunga akatazama chini. Nikamtilia mama kahawa, nikamwambia akae, mwenzake anakuja.

Mwenzake alikuja na tai. Anaitwa Ngassa, kijana mrefu, viatu vinang'aa, na Breki akasahau palepale nadharia yake ya soli. Alipokea kikaratasi kwa mkono mmoja akakisoma kama mashine ya kusaga mahindi. Hakusimama kwenye nukta, hakusimama kwenye mkato. Pale mwenzake alipokwama alipita kama basi la Mwanza linavyopita kituo kisicho na abiria. Tulisimama wote tukamzunguka. Watu wa ghala walitoka mlangoni kusikiliza. Alipomaliza Redio alipiga makofi, akasema huyu hata Malawi angefundisha.

Masunga akamuuliza, na Hesabu? Ngassa akasema Hesabu ni rahisi kuliko hiyo. Wakapeana mikono, aanze Jumatatu. Breki akaandika namba yake kwenye simu. Ngassa akaaga, ana wanafunzi wengine wanamsubiri.

Tulipogeuka, kikombe cha yule mama kilikuwa juu ya nguzo, kimejaa nusu, na mwenyewe hayupo.

 Tulikaa kumpongeza Masunga, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikunywa kahawa yake.

Saa sita Rachel akapita, ametoka kwa mwenzake kuazima madaftari, ameyakumbatia kifuani. Alipiga goti kidogo akatusalimia, mwadila, tukaitikia. Huyu mtoto ana sauti ndogo ya mtu aliyezoea kutoulizwa. Baba yake akamwambia mwalimu amepatikana. Akashukuru. Akauliza tumempataje, na Redio akamweleza yote, kusoma, kukwama, makofi, mpaka ile mashine ya kusaga. Rachel akamwomba Mwandu kikaratasi. Akakitazama muda mrefu.

— Kwa hiyo hapa pameandikwa nini? akauliza.

Hilo tulilijua. Tukajibu kwa kugombania. Breki akasema usiuelekee upepo. Redio akasema ufunike mikono. Mimi nikasema usile karanga kabla ya kunawa, nikakumbuka ninauza karanga. Mwandu alikuwa wa mwisho, na alisema taratibu, kama anaongea na mtu mwingine:

— Usioshee bomba kwenye maji ya ng'ombe.

— Mwalimu Ngassa ndiye aliyewaeleza?

 Nilisikia mizani ya ghalani ikigongana kwa upepo. Masunga akakitazama kile kikaratasi, akatutazama mmoja mmoja, na nikaona ameelewa kabla yetu.

— Hapana, akasema. Ni yule mama.

— Mliyemkataa?

— Alikwama neno moja, mwanangu.

— Moja tu, baba? Mimi nakwama kila mstari. Darasani nikikwama nanyamaza, nanakili ubaoni, kengele inalia. Mwalimu anasoma vizuri, sisi tunanakili vizuri. Akayashika madaftari vizuri, akaendelea: Goodness aliniambia alinakili miaka minne. Alisema laiti angempata mtu mmoja tu wa kumwonyesha ukikwama unafanya nini.

Jina lilikuwa limetajwa.  Nilitegemea Masunga atainuka aondoke, kwa sababu ndivyo alivyofanya msibani mtu alipomuuliza habari za binti yake mkubwa. Hakuondoka. Alitoa kitambaa akajifuta uso wote, polepole, kama mtu aliyetoka shambani.

— Alikuambia lini?

— Tunaongea kwa simu, baba. Kila Jumapili.

Akaitikia kwa kichwa. 

Mwandu akasema, bila kumtazama mtu:

— Mimi ndiye niliyemnyang'anya karatasi. Si kwa sababu ya neno. Mayu anajua kwa sababu ya nini.

Nilijua, na nilikuwa nimenyamaza. Nikasema ndiyo.

— Leo nitaifungua ile njia, akasema. Na mwalimu nitamfuata mwenyewe nimwombe radhi.

Masunga akasimama.

— Nani ana namba yake?

Breki akatoa simu, akaipekua kana kwamba namba inaweza kujiandika. Ilikuwepo ya Ngassa. Masunga akauliza aliyempa yule mama habari sokoni ni nani. Breki akasema alimwambia kila mtu.

— Anakaa wapi?

Wote wakanigeukia mimi. Ni haki yao. Bariadi hii najua nani kahamia kwa nani, kwa gari gani, na godoro lilikuwa la aina gani. Najua nani analipiwa chumba na mume wa mtu. Huyu mama alikaa nusu saa kwenye benchi langu, akanywa kahawa yangu, na nilichojua juu yake zaidi ya jina na kazi ni kwamba ni mjane, kwa sababu hilo ndilo nililoliuliza.

— Basi alielekea wapi? akauliza Rachel. Hilo mliliona.

Redio akanyoosha mkono upande wa stendi. Breki akanyoosha njia ya Malambo. Mwandu akanyoosha sokoni. Mkono wa nne ulikuwa wangu, nao ulikuwa unabahatisha.