Alama ya Mzee Isaka

Garimoshi la Manyoni kwenda Singida lilipochanganya mwendo, askari wa msitu aliyekaa mbele ya Stumai alimgeukia mzee aliyepakata mzinga wa nyuki wa gome la mti. "Shikamoo, mzee," akasema kwa adabu, kisha akamwambia atampeleka kwa Bwana DC. Stumai akafumba macho ili asikie vizuri.

"Umebandua gome, mti utakufa," askari alisema. "Amri inakataza."

"Utakufa, kweli," mzee Isaka akajibu. "Nimeua mti mmoja, na nyuki watakaa humu miaka. Lakini mti ninaotundikia mizinga haukatwi na mtu. Nimeuchanja alama ya ukoo wetu, mistari mitatu. Hata mwizi wa asali anaiheshimu."

"Mistari siyo sheria."

"Ilikuwa sheria kabla reli yenu haijafika."

Askari akatoa kalamu aandike shtaka. Stumai, ambaye hakuwa amewahi kuona kalamu ikishindwa na mzee, alianza kumhurumia Isaka.

Garimoshi likapunguza mwendo, likasimama katikati ya pori. Hapakuwa na stesheni, ila rundo la magogo lililopita nyumba kwa urefu. Vibarua wakaanza kuyapakia nyuma ya injini, maana kuni hizo ndizo zilikuwa posho yake. Mzee akachungulia dirishani. Stumai akafumbua macho. Gogo lililokuwa begani mwa kibarua wa kwanza lilikuwa limechanjwa mistari mitatu.

Isaka akauweka mzinga wake mapajani mwa askari.

"Kalamu unayo, mjukuu wangu," alisema, akinyoosha kidole kwenye injini. "Anza na huyu."