Mkataba Uliorudi Wenyewe

Bwana asifiwe, watu wa Mungu wa Bwera! Mbona mnaitikia kama watu ambao hawajanywa chai? Asifiwe tena!

Ndugu zangu, mimi ni Masika, yule fundi cherehani anayewashonea watoto wenu sare za shule. Wengi mnanijua kwa kelele za mashine yangu pale sokoni. Lakini hamjui kwamba nilikaa Kasese karibu miaka miwili nikiwa mfungwa, na jela yangu ilikuwa na vigae sakafuni na maji ya bomba ndani. Leo nataka Mungu apewe sifa zake.

Nilikwenda Kasese baada ya kufiwa na mume wangu. Kazi ilikuwepo, sitasema uongo madhabahuni. Nikapanga vyumba viwili ghorofani kwa mzee mmoja aliyestaafu jeshi. Wapangaji wote tulimwita Afande, na sijui kama hata mkewe alimwita jina lingine. Afande hakupangisha kwa mwezi. Kwake ilikuwa mwaka mzima, kwa karatasi ya Kiingereza, na lazima mtu akudhamini. Mzee Baluku, mzee wa kanisa nililosali kule, akakubali kunidhamini na kutia sahihi chini ya yangu. Mimi Kiingereza changu kinaishia kwenye vipimo vya nguo, basi Afande akanieleza kwa Kiswahili chake cha kambini:

"Mama, sikia. Mwaka ikiisha, kama hakuna barua, hii mkataba inarudi yenyewe. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande."

Ndugu zangu, sikuelewa kitu! Mimi nilisikia kwamba nyumba inarudi kwa mwenyewe. Mwaka ukiisha, bila barua, bila maneno, kila mtu anachukua chake na mimi narudi kwetu. Hata nilifurahi, nikasema huyu mzee hana mambo mengi.

Kwa maana nilitamani kwetu, jamani. Nilitamani mpaka nikaona haya. Jioni nilisimama kwenye baraza ya ghorofa nikiangalia milima. Milima ni ileile, lakini kutoka kule ilikuwa kama mtu uliyemzoea amekupa mgongo. Nilitamani bundu la mama yangu, ule ugali wa muhogo, na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa kwenye kinu chetu. Nilitamani kusalimiwa njiani na mtu anayejua jina la baba yangu. Hata kelele za hapa mpakani, wale wenzetu wa Kongo wakibishana juu ya vitenge tangu asubuhi, nilizitamani.

Na mama alikuwa hapa peke yake, macho yake yanaisha polepole. Jumapili nilipopata nafasi nilikuja kumwona. Akisikia tu miguu yangu uani, aliuliza:

"Masika, umerudi, ama umekuja kutembea?"

"Nimekuja kutembea, mama."

"Haya. Keti basi, mgeni wangu."

Mgeni wangu! Mtu aliyenizaa! Neno hilo nilirudi nalo Kasese kila mara, nikashona nalo wiki nzima. Mwishowe nikamwahidi kwamba mwaka ukiisha, narudi kabisa. Akamwita jirani apige udongo mpya kwenye sakafu ya chumba changu.

Mwaka ukaisha. Asubuhi ile nikafunga godoro, nikafunga cherehani kwa kamba, nikashuka ngazi nikiimba. Afande alikuwa chini anafagia. Akanyanyuka.

"Wewe! Nakwenda wapi na hii mashine?"

"Kwetu, afande. Mkataba umerudi."

"Ndiyo, imerudi! Imerudi mwaka ingine! Barua yako iko wapi? Karatasi inasema miezi mbili mbele, barua!"

Nilikaa kwenye ngazi, cherehani magotini. Kumbe kurudi kwake kulikuwa kurudia! Akanionyesha na mstari mwingine. Nikitaka kutoka katikati ya mwaka, nilete mtu wa kukaa mahali pangu, na yeye Afande amkubali. Nikapandisha vitu vyangu juu tena. Mama nilimpigia simu, na alichosema ni "haya" tu.

Nikaanza kutafuta mtu. Nilileta mwanamke wa Kabatoro anayeuza chumvi. Afande akasema, "Hapana! Chumvi inakula simenti yangu." Nilileta dereva wa lori wa Hima. "Hapana! Lori inaamsha watu." Nilileta mwalimu mpole, mtu wa Karusandara, Afande akamhesabia watoto wake na kumfungia geti. Niliomba, nikafunga, na kusema kweli nilianza kumnung'unikia Mungu. Nilimwambia, Wewe ulifungua bahari, geti la mzee mmoja linakushinda?

Ndipo jirani akanipigia. Mama alikuwa ameanguka jikoni akitafuta birika kwa kupapasa. Mkono umeungua. Ndugu zangu, hapo moyo ulikatika. Nikakodi pikapu nitoroke Jumamosi, wakati Afande ameenda sokoni. Nilikwisha pakia godoro. Nikavuta ile karatasi ya mkataba niliyoibandika ukutani, niichane, na jicho langu likaanguka kwenye sahihi ya Mzee Baluku. Imepinda, kwa sababu mikono yake hutetemeka. Nikitoroka, yule mzee ndiye atakayeitwa kwenye geti lile na kufokewa kama kuruta. Alinidhamini kwa jina la Yesu, na mimi namlipa hivyo?

Nilipiga magoti pale pale kati ya kamba na maboksi. Sikuomba geti lifunguke tena. Nilisema, Bwana, nipe mdomo wa kusema kweli. Nikamwambia dereva aende zake, nikamsubiri Afande.

Aliporudi nilimweleza yote, hata kutoroka. Nikamweleza neno lile, jinsi nilivyosikia kurudi, yeye akimaanisha kurudia. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Mama yako anaona?"

"Anaona mwanga tu, afande."

Akakaa kwenye ngazi ileile. Akasema: "Mimi nilikuwa mbali, huko jeshi. Nikaomba ruhusa niende kuona mama. Mukubwa akasema ngoja. Nikangoja. Kufika nyumbani, wamekwisha zika." Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya karatasi kutoka pembe hadi pembe, akatia sahihi. Kisha akasimama wima akanikemea kama askari wake: "Masika! Rudi!"

Nikageuka kupanda ngazi. Nilidhani nirudi juu.

"Nimesema rudi! Kwenu!"

Haleluya! Neno lilelile lililonifunga, Bwana akanifungulia nalo! Lakini Afande ni Afande, alinisimamia nikasugua kuta zote ndipo akapokea ufunguo.

Nilifika hapa Bwera jua bado liko juu. Nikaingia uani na cherehani kichwani. Mama alikuwa kizingitini, mkono umefungwa kitambaa. Akauliza lile swali lake. Nikasema, "Nimerudi, mama." Akanipapasa uso mpaka shingoni, kama anayetafuta mshono.

Siku hizi mama anasahau. Kila asubuhi akinisikia nafungua mlango anauliza upya, na kila asubuhi najibu upya. Wengine wanasema pole. Pole ya nini? Nililitamani jibu hilo miaka miwili!

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mzee Baluku na mkono wake unaotetemeka. Namwombea Afande, ambaye hana tena mama wa kumuuliza kama amerudi. Na nyinyi, mkiwekewa karatasi mbele, ulizeni: inarudi kwa nani?

Lakini wewe uliyekaa pale nyuma karibu na mlango, unayekuja Jumapili moja na kupotea tatu, Baba amesikia miguu yako uani. Leo anakuuliza: umerudi, ama umekuja kutembea?